Geuza Jalada Kwanza

Mdogo wangu mmoja wa Mbezi ameniletea swali nililolifurahia kuliko mengi ya mwaka huu. Ameachiwa na baba yake mkubwa mashine ya kupigia santuri, bado nzima, na jazi anaipenda tangu alipokuwa akiisikiliza redioni usiku enzi za chuo. Akaenda kuuliza kwa jamaa mwenye kabati lililojaa santuri, akaambiwa kwamba jazi ya kweli ni matoleo ya kwanza ya kampuni ya Blue Note, na asiye na uwezo huo aridhike na simu yake. Sasa ananiuliza: "Dada, hivi jazi ni ya wenye hela tu?"

Hapana, mdogo wangu. Naomba nikae na swali hili kwa kirefu, maana jibu ulilopewa wewe wamepewa vijana wengi, wakaondoka, na muziki huu haukustahili kupoteza wasikilizaji kwa njia hiyo.

Tuanze na bei, kwa kuwa ndiyo inayotisha. Bei ya santuri ya zamani haipimi uzuri wa muziki. Inapima uchache wa nakala na wingi wa watu wanaozigombania. Iko santuri ya Hank Mobley, mpiga saksafoni, iliyotolewa na Blue Note mwaka 1957 ikiwa na namba 1568. Zilichapwa chache, na leo nakala safi ya toleo la kwanza hununuliwa kwa maelfu ya dola. Mobley mwenyewe alifariki Philadelphia mwaka 1986, baada ya miaka ya maradhi na ya kukosa hata makazi ya kudumu. Fedha hizo wanapokezana wakusanyaji wenyewe kwa wenyewe. Simlaumu anayependa kitu adimu, lakini asikuambie kwamba bila kitu hicho huwezi kumsikia Mobley.

Sasa tazama upande wa pili. Januari 1958, mpiga piano Ahmad Jamal alirekodi muziki wa jukwaani katika hoteli ya Pershing, Chicago, akiwa na Israel Crosby kwenye besi na Vernel Fournier kwenye dramu. Kampuni ya Argo ikautoa, ukakaa kwenye orodha ya santuri zinazouzwa sana Marekani kwa zaidi ya wiki 100. Wakosoaji kadhaa waliubeza, wakasema ni muziki wa baa za hoteli. Mpiga tarumbeta Miles Davis yeye alikuwa akimhimiza kila mtu amsikilize Jamal, na ukisikia jinsi mtu huyu anavyoiacha nafasi kati ya noti na noti, utaelewa Miles alikuwa anatafuta nini. Kwa kuwa santuri ile iliuzwa kwa wingi, nakala zake zimebaki kwa wingi, na kwa sababu hiyo bei yake iko chini. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwenye makreti ya santuri za mitumba usiitegemee methali hiyo. Kizuri kinaweza kulala kreti la chini kabisa miaka kumi, kikisubiri mtu wa kuinama.

Unapoinama, fanya jambo moja kabla ya yote: geuza jalada. Mbele ya jalada kuna jina la mwenye santuri na picha yake. Nyuma kuna majina ya wote waliopiga, na hapo ndipo elimu yako itakapotoka. Jazi ni muziki wa watu waliokuwa wakisindikizana. Aliyepiga piano nyuma ya jina kubwa jana, kesho anaongoza kikundi chake, na mara nyingi santuri zake yeye zinauzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya zile alizosindikiza.

Mchukue Tommy Flanagan, mpiga piano aliyetoka Detroit. Mwaka 1956 alikuwa studio na Sonny Rollins ilipotengenezwa Saxophone Colossus. Mwaka 1959 alikuwa na John Coltrane kwenye Giant Steps. Baadaye akakaa miaka mingi na Ella Fitzgerald, akimwongozea muziki wake jukwaani. Ungedhani mtu wa historia hiyo akitoa santuri kwa jina lake watu watapanga foleni. Hawakupanga. Mwaka 1975 alitoa Tokyo Recital kwa kampuni ya Pablo. Mwaka 1977 akarekodi Eclypso kwa kampuni ya Enja ya Munich, George Mraz akiwa kwenye besi, na kwenye dramu yupo Elvin Jones, yule yule aliyekuwa kwenye kikundi cha Coltrane. Huyu Flanagan hapigi kelele. Anaingia kwenye wimbo kwa adabu, anaugeuza polepole, na ukifika mwisho unashangaa umefikaje pale. Mimi namweka juu ya wapiga piano wengi ambao majina yao yanatajwa mara kumi zaidi yake, na nasema hivyo bila kusita.

Ukimpata Flanagan utampata Hank Jones, utampata Barry Harris, maana hao nao wametokea Detroit na viunga vyake. Ukimfuata Cedar Walton, aliyepita kwenye kikosi cha mpiga dramu Art Blakey mwanzoni mwa miaka ya 1960, utafika kwenye Eastern Rebellion. Ilirekodiwa mwaka 1975, ikatolewa na Timeless, kampuni ya Uholanzi, na ndani yake wamo George Coleman, Sam Jones na Billy Higgins. Hiyo ukiiona kwa bei ya kueleweka, usizunguke kwanza ukidhani utarudi.

Umeona miaka ya santuri ninazokushauri? Sehemu kubwa ni za miaka ya 1970, na nataka uelewe sababu, kwa kuwa ukiielewa hutahitaji orodha ya mtu. Kipindi kile Marekani ilikuwa imehamia kwenye roki na soul, na hata jazi yenyewe ilikuwa imejaa magitaa ya umeme. Kampuni kubwa ziliwaacha wazee wa jazi ya kawaida. Lakini wazee hao hawakuwa wazee kweli. Wengi walikuwa na miaka arobaini na kitu, hamsini, vidole viko imara na vichwani wamebeba kila walichojifunza tangu ujana. Waliowaokota walikuwa watu wa kampuni ndogo: Joe Fields alianzisha Muse huko New York mwaka 1972, Nils Winther akaanzisha SteepleChase huko Copenhagen mwaka huo huo, Carl Jefferson, mfanyabiashara wa magari wa California, akaanzisha Concord Jazz, na Don Schlitten akafuata na Xanadu. Santuri zao zilichapwa za kutosha, majalada mengine hayavutii hata kidogo, na wakusanyaji wa leo macho yao yako kwenye miaka ya 1950. Matokeo yake, muziki wa watu wazima waliokomaa unauzwa kwa bei ya chakula cha mchana.

Mfano unaonigusa ni wa Duke Jordan. Alikuwa mpiga piano wa Charlie Parker miaka ya 1940. Kazi ikapungua, akafika mahali pa kuendesha teksi New York. Mwaka 1973 akarekodi Flight to Denmark kwa SteepleChase, na baadaye akahamia Denmark kabisa. Santuri hiyo yenye picha yake kwenye theluji imeanza kupendwa na bei imepanda, lakini alirekodi nyingine nyingi kwa kampuni hiyo hiyo ambazo bado hazijaguswa. Dexter Gordon naye aliishi Copenhagen miaka mingi, na zake za SteepleChase ni nafuu mno ukizilinganisha na zile za Blue Note. Sauti ya saksafoni ni ile ile, nene na isiyo na haraka.

Pablo inahitaji neno la tahadhari. Norman Granz aliianzisha mwaka 1973 na kuipa jina la Picasso. Akawakusanya Ella, Count Basie, Oscar Peterson, Joe Pass na wenzao, akarekodi, akarekodi, akarekodi. Utazitambua kwa majalada yenye picha za rangi nyeusi na nyeupe. Ziko tele, na kwenye maduka ya Marekani nyingi zinapatikana chini ya dola 10. Tatizo ni kwamba si zote zina uzito. Zile za matamasha, ambapo wapigaji wanane wanapokezana wimbo mmoja upande mzima, usizianze. Anza na za watu wachache. This One's for Blanton ni Duke Ellington na Ray Brown peke yao, piano na besi, wakimkumbuka Jimmy Blanton, mpiga besi wa Ellington aliyefariki mwaka 1942 akiwa na miaka 23 tu. For the First Time ni Basie na watu wawili tu, hana bendi kubwa ya kujificha nyuma yake, na ndipo utakapojua kwamba yule bwana alikuwa mpiga piano hasa.

Kwa upande wa sauti za wanawake, ninaye ninayemtetea kila nipatapo nafasi: Etta Jones. Wengi wanamchanganya na Etta James. Huyu wangu alitamba mwaka 1960 na Don't Go to Strangers, kisha akakaa pembeni, halafu akarudi kupitia Muse akiwa na mpiga saksafoni Houston Person. Walifanya kazi pamoja karibu miaka thelathini, mpaka Etta alipofariki mwaka 2001. Watu waliwadhania mume na mke, hawakuwa. Sikiliza tu jinsi Person anavyomsubiri amalize mstari ndipo ajibu. Sijui kwa nini dunia haijamlilia Etta Jones kama inavyowalilia wengine, ila najua santuri zake bado zinapatikana, na wewe unaweza kumchukua leo.

Sasa siri ya kwenye sahani yenyewe. Karibu na lebo, pale ambapo mistari ya muziki imekwisha na pamebaki utelezi mtupu, inamisha sahani kwenye mwanga utafute herufi RVG au neno VAN GELDER. Huyo ni Rudy Van Gelder, fundi sauti wa New Jersey, daktari wa miwani aliyekuwa akirekodi muziki kwenye sebule ya wazazi wake hadi alipojenga studio yake Englewood Cliffs mwaka 1959. Sauti inayowafanya watu walipe fedha nyingi kwa Blue Note ni kazi ya masikio yake. Lakini hakufanya kazi na Blue Note peke yake. Alirekodi kwa Prestige, kwa Muse, na kwa CTI ya Creed Taylor. Alama yake kwenye santuri ya bei ndogo ni ile ile, na mkono ni ule ule.

Na kwa Creed Taylor kuna santuri ninayotaka kila nyumba ya Afrika Mashariki iwe nayo: Wave ya Antônio Carlos Jobim, ya mwaka 1967. Jobim ni Mbrazili, lakini muziki ulirekodiwa kwa Van Gelder, na kwenye besi yupo Ron Carter. Jaladani kuna twiga anayekimbia, rangi zimegeuzwa mpaka mbingu ikawa kama ya ndotoni. Picha hiyo Pete Turner aliipiga Kenya. Iliuzwa kwa wingi, hivyo haisumbui mfuko.

Wengi mmekuwa mkiniuliza pia kuhusu santuri za jazi zenye majina ya Kiswahili. Zipo, na zina heshima yake. Herbie Hancock alitoa Mwandishi mwaka 1971, na wenzake bendini nao walichukua majina ya Kiswahili waliyopewa na James Mtume: Bennie Maupin akawa Mwile, Eddie Henderson akawa Mganga, Billy Hart akawa Jabali. Gary Bartz alitoa Taifa na Uhuru kwenye kampuni ya Milestone. Kubwa kuliko zote kwangu ni Uhuru Afrika ya Randy Weston, iliyorekodiwa New York Novemba 1960, mwaka mmoja kabla ya Tanganyika kupata uhuru. Mashairi ni ya Langston Hughes, aliyepanga vyombo vyote ni Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni ambaye jina lake linapaswa kufundishwa shuleni, na sauti inayosoma kwa Kiswahili mwanzoni ni ya Tuntemeke Sanga, mwenzetu kutoka Tanganyika. Toleo la kwanza ni ghali. Tafuta la marudio, na usione aibu hata chembe.

Maana aibu ya toleo la marudio ndiyo inayowafilisi watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Fantasy, iliyokuwa imeshanunua Prestige na Riverside, ilianza kutoa upya santuri za zamani kwa jina la Original Jazz Classics. Utaona herufi OJC na namba. Zilikatwa kwa uangalifu, jalada ni lile lile la awali, na nakala za miaka ile bado zinapatikana kwa bei ya kibinadamu. Kabla ya hapo, miaka ya 1970, Prestige na Milestone zilitoa majalada ya sahani mbili mbili, santuri mbili kamili za miaka ya 1950 ndani ya jalada moja. Wakusanyaji wanazipita kwa sababu jalada si la asili. Wewe usizipite.

Yapo matoleo mengine ninayokushauri uyaache. Ulaya, rekodi za kabla ya mwaka 1963 zimeshatoka kwenye ulinzi wa haki za wenye rekodi, hivyo mtu yeyote anaweza kuzichapa. Baadhi wanachukua muziki kutoka kwenye CD, wanaumwaga kwenye plastiki nzito, wanaweka picha nzuri, basi. Familia ya mwanamuziki inaweza isione kitu katika mauzo hayo, na sauti mara nyingi imekufa. Ukiona jalada jipya linang'aa, bei ndogo, na hakuna palipoandikwa muziki umetolewa kwenye kanda gani, rudisha ulipoitoa.

Kwenye ununuzi wenyewe, usiruhusu jalada likudanganye. Jalada lililochanika, jina la mmiliki wa zamani lililoandikwa kwa kalamu, kona iliyokatwa au tundu lililotobolewa: hayo yote yanashusha bei na hayagusi muziki. Kona iliyokatwa ilikuwa tu alama ya kampuni kwamba mzigo umebaki na unauzwa kwa punguzo. Kinachogusa muziki ni mkwaruzo. Ule unaouona kwenye mwanga tu, mwembamba kama unywele, usikutishe. Ule unaousikia kwa ncha ya ukucha, uache. Ukinunua kwenye mtandao kama Discogs, tafuta daraja la VG+ (hali nzuri sana) kwenda juu. Sahani ya daraja la G itakukaangia samaki wimbo mzima.

Na hali yetu ya hewa, jamani. Mimi niko Dar, najua. Santuri zisimame wima, zisilazwe moja juu ya nyingine, mbali na dirisha la jua, na kamwe zisiachwe kwenye gari mchana. Joto linapinda sahani na haitanyooka tena. Unyevu unaleta ukungu, hasa kwenye karatasi ya ndani, ibadilishe. Osha sahani kwa maji yaliyochujwa madini na tone la sabuni ya vyombo, ukifuata mzunguko wa mistari, lebo isilowe. Kama baba mkubwa alikuachia pia zile sahani nzito za mizunguko 78, usizipake spiriti. Nyingi ni za shelaki na spiriti inaiyeyusha. Nunua sindano mpya kabla ya kununua santuri ya tatu. Sindano iliyochakaa inakula kila unachokipenda.

Kaka mmoja wa Morogoro naye ameniandikia kwamba mkewe amechoka na santuri, kila mwezi zinaingia mbili tatu na ada ya mtoto inachelewa. Kaka, hapo wifi yangu ana haki na wewe unajua. Ada kwanza. Baada ya ada na kodi, kaeni wawili mkubaliane kiasi cha mwezi, kidogo kisichouma, na kikiisha kimeisha, hata Coltrane angekuwa mlangoni. Halafu nina swali kwako: wewe unaposikiliza, yeye yuko wapi? Kama kila jioni unavaa visikilizi na kumgeuzia mgongo, basi hiyo santuri anaiona kama mke mwenza. Mpe yeye achague upande. Mpigie Etta Jones, umuulize anaonaje. Jazi hii ya bei ndogo ilitengenezwa isikike vyumbani kwa watu, watoto wakipita, chakula kikiwa jikoni.

Wa Mbezi, umesema huna duka karibu. Ukipata safari ya Nairobi, pita Kenyatta Market, kuna wauza santuri pale. Uliza pia kwa wazee wanaohama nyumba na familia zinazogawana vitu vya marehemu, kwa heshima na baada ya siku za msiba. Lakini kwa jazi hasa, ndugu yako wa Minneapolis uliyemtaja ndiye duka lako. Usimwambie tu "niletee jazi". Mwandikie hivi:

"Kaka, ukipita duka la santuri za mitumba usiangalie zilizotundikwa ukutani, angalia makreti ya chini. Nitafutie Pablo, Muse, Concord, Xanadu au Timeless. Sahani iwe safi, jalada likichanika si neno. Ukiona Tommy Flanagan, Cedar Walton, Houston Person au Etta Jones, mbele au nyuma ya jalada, chukua. Usizidishe dola 10 kwa moja. Kabla ya kufunga, toa kila sahani nje ya jalada lake ukiiacha kwenye karatasi yake ya ndani, uziweke katikati ya makaratasi magumu mawili, uje nazo mkononi kwenye ndege, zisiingie kwenye begi la mizigo. Hela nakutumia leo."